Hesabu ya Mwalimu Desimali

Shuleni walimwita Mwalimu Desimali, na hakupewa jina hilo kwa ubaya. Kwake kila jibu lilipaswa kuishia kwenye desimali mbili. Mwanafunzi aliyeandika "kama sabini hivi" alirudishiwa daftari lenye mstari mwekundu kutoka pembe hii hadi pembe ile, na chini yake swali: hivi ngapi? Watoto walisema hata chumvi kwenye mboga anaitia kwa desimali mbili. Utani huo aliusikia, akajitia hasikii, lakini moyoni ulimkaa vizuri sana.

Muhula ulipokwisha, walimu wa madarasa walisogea mezani kwake mmoja mmoja wakiwa na alama za wanafunzi wao. Meza ilikuwa kando ya dirisha, mguu mmoja umewekewa kipande cha boksi kilichokunjwa ili isiyumbe. Ofisini kulikuwa na kikokotoo kilichokufa betri tangu zamani, na hakuna aliyejisumbua kutafuta nyingine. Ya nini, na Desimali yupo? Alipitisha kalamu juu ya alama kutoka somo la kwanza hadi la mwisho, midomo ikicheza bila sauti, akajumlisha, akagawa kwa idadi ya masomo, akaandika wastani. Kila somo lilikuwa na alama mia. Historia mia, kemia mia, hata uchoraji mia. Jumlisha, gawanya, panga nafasi, mwingine aje. Kwa njia hiyo aliwapanga watoto wa watu miaka nenda miaka rudi, na haikuwahi kumtupa hata siku moja.

Nyumbani alikuwa na binti, kitinda mimba, aliyesoma shule hiyohiyo. Alipokuwa kidato cha pili watu wote walijua kwamba ndiye wa kwanza. Mama mtu, Desimali mwenyewe, akaipitia hesabu upya, akakuta mwingine amempita kwa desimali, akamshusha. Walimu wenzake walimshangaa: "Si mwanao huyu?" Naye akajibu bila kuinua uso, "Kwenye hesabu sina mtoto." Jioni ile binti alirudi nyumbani amevimba mashavu kama mwenye jino bovu, akasema mama umekosea. Mama hakumkaripia. Alimpa kalamu, akamkalisha kwenye meza ya jikoni, akamwambia ajumlishe mwenyewe. Mtoto akajumlisha mara ya kwanza, akajumlisha mara ya pili, na kila mara alifika palepale alipofika mama yake.

"Umeona?"

"Nimeona, mama."

Baba yake, fundi makochi, alikuwa karakana ya uani akiwamba kiti. Akapaza sauti kutoka kule, "Mwacheni mtoto ale!" Kisa hicho mwalimu alipenda kukisimulia kwa wageni, na binti naye alikuwa akicheka pamoja na wageni.

Huyo binti alikua, akaenda chuo kusomea upimaji wa ardhi. Usishangae; tangu mdogo alikuwa mtoto wa kupima. Alikuwa akichukua tepu ya baba yake na kupima urefu wa paka. Chuoni alipewa darubini ya kupimia, ile inayosimama juu ya miguu mitatu, na tangu siku hiyo hakuna mchumba aliyesikika akitajwa kwa upendo kama ilivyotajwa darubini ile. Mwaka wa mwisho alifanya mradi wake kwenye mtaa mmoja wa bondeni uliokuwa ukijaa maji kila mvua inaponyesha. Alizunguka huko na viatu vya mpira mwaka mzima, akapima kila mfereji na kila mteremko, akarudi amebabuka shingo kwa jua, akachora ramani inayoonyesha maji yanaingilia wapi na yanaweza kutolewa wapi. Likizo moja alimtandikia mama yake ramani hiyo sakafuni, sebule nzima ikajaa. Mama akaizunguka kwa ncha za vidole vya miguu, akasema, "Hii kazi umeifanya." Kwa mwanamke yule, maneno hayo yalikuwa sherehe.

Basi idara yake ikatangaza nafasi moja ya msaidizi wa mhadhiri. Moja tu, na haikujulikana nyingine ingekuja lini. Atakayeipata angebaki chuoni, afundishe wadogo zake, aendelee kusoma, na vyombo vyote vya kupimia vingekuwa mikononi mwake. Binti aliitamani nafasi hiyo kuliko kitu chochote duniani. Sharti lilikuwa wastani usiopungua nne kwa matokeo ya mwaka wa mwisho. Lakini chuo kilikuwa na utaratibu wake: matokeo ya kila somo yalibandikwa kwanza, na wastani wenyewe, ile GPA yenye muhuri, ulitoka baadaye sana, baada ya vikao. Maombi ya kazi yalifungwa kabla ya hapo. Kwa hiyo kila mtu alijipigia hesabu yake mwenyewe, akajiona anafika au hafiki.

Matokeo yalibandikwa siku ambayo mwalimu alikuwa ofisini akisahihisha mitihani, mchana, madirisha yako wazi na kelele za mpira zinaingia. Simu ikaita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Yametoka?"

"Yametoka. Mama, nakuomba unipigie wastani. Maombi yanafungwa kesho."

"Nisomee." Akageuza karatasi ya mtihani iliyoharibika, akaweka kalamu tayari. "Kwenu A ni ngapi?"

"A ni tano, B plasi nne, B tatu, C mbili."

"Haya, twende."

"Mradi, A."

"Nilijua! Tano. Endelea."

"Upimaji wa juu, B plasi. Uchoraji ramani, B plasi. Sheria za ardhi, B. Ujasiriamali, B." Sauti ikapungua kidogo. "Stadi za mawasiliano, C."

"C? Wewe uliyekuwa unaongea mpaka usingizini?"

Wakacheka wote wawili. Mwalimu baadaye alikikumbuka kicheko kile kuliko yote yaliyosemwa siku ile. Kalamu ikapita. Tano, tisa, kumi na tatu, kumi na sita, kumi na tisa, ishirini na moja. Masomo sita. Midomo yake ikacheza.

"Tatu nukta tano sifuri," akasema.

Mtu alipiga mpira, ukagonga ukuta wa ofisi.

"Mama, ila mradi una krediti kumi."

"Una nini?"

"Krediti. Yaani uzito wa somo. Stadi za mawasiliano zina mbili tu. Sasa wao huwa hawa—"

"Mwanangu." Alimkata kauli, lakini kwa upole, hilo lazima lisemwe. "A ni tano. Hata ungeisotea miaka kumi, A ni tano. Usianze kuzitafutia namba mlango wa uani."

"Sio mlango wa uani, mama, ni—"

"Ukijumlisha wewe, unapata ngapi?"

"Ukijumlisha hivyo, ishirini na moja," binti akasema.

"Na masomo?"

"Sita."

"Umeona?"

Hakujibu "nimeona" kama zamani. Aliuliza, "Kwa hiyo nisiombe?"

Hapo mwalimu aliweka kalamu chini. Yeye mwenyewe, alipokuwa bado kijana, aliwahi kujitosa kuomba kazi ya ukaguzi wa shule bila sifa zilizotakiwa, kwa kutumaini tu. Alivaa gauni lake zuri, akafika mapema, na mbele ya watu waliojaa kwenye benchi karani akamrudishia bahasha yake na kumwambia, dada, hujui kusoma tangazo? Benchi zima lilicheka. Aibu ile alikuwa bado anaitembelea, hasa akiwa amechoka. Hakutaka mwanawe aionje.

"Usiombe," akasema. "Wameandika nne. Sitaki wakurudishe mlangoni mbele ya wenzako. Zitakuja nafasi nyingine."

"Sawa, mama."

"Umenisikia lakini?"

"Nimekusikia. Ahsante, mama."

Jioni alimweleza mumewe karakanani. Fundi alikuwa na misumari midogo mdomoni, akaitema mmoja mmoja kiganjani kabla ya kusema. "Angejaribu tu."

"Ajaribu na tatu na nusu panapotakiwa nne?"

"Mimi sijui mambo yenu. Nasema tu angejaribu."

"Baba watoto, hujui, basi usiseme."

Fundi akairudisha misumari mdomoni. Alikuwa amejifunza siku nyingi kutobishana na desimali. Mwalimu akaingia ndani kwa roho safi kabisa, akijiona mama aliyemwepusha mwanawe na kisirani, na usiku ule alilala fofofo. Hilo nalo lilikuja kumuuma baadaye, kwamba alilala.

Binti akarudi nyumbani na sanduku lake na ramani yake imezungushwa kama mkeka. Ramani ikawekwa juu ya kabati. GPA ilipotoka mwalimu hakuiuliza, maana alikuwa ameshaipiga mwenyewe. Mahafali yakaja, wakapiga picha, mwalimu akavaa gauni zuri jingine na kutembea uwanjani kifua mbele. Baada ya hapo binti akatafuta kazi za upimaji huku na huko, akaambulia patupu, kisha akapata pa kujishikiza kwenye duka la fotokopi karibu na ofisi za serikali. Alikuwa akitoa nakala za vyeti vya watu, kupiga picha za pasipoti na kuwachapia wengine barua za kuomba kazi. Alirudi jioni na wino kwenye vidole. Hakulalamika. Alikuwa mchangamfu mezani, aliwaigiza wateja wake mpaka baba yake akapaliwa na chai. Ila ramani hakuishusha tena kabatini, na tepu ya baba yake hakuigusa.

Mwalimu aliona, na akajiambia ni mpito tu.

Sasa sikiliza jinsi mambo yalivyomgeukia, na kwa aibu kubwa kuliko ile ya benchi, yalimgeukia ubaoni kwake mwenyewe, chaki mkononi.

Alikuwa akifundisha takwimu kidato cha tatu, somo alilolifundisha kila mwaka kwa maneno yaleyale na mzaha uleule mahali palepale. Alichora jedwali ubaoni: upande mmoja alama zilizopatikana kwenye jaribio, upande wa pili idadi ya wanafunzi waliopata kila alama. Alama tano wameipata wanafunzi kumi. Alama mbili wameipata wawili. Na kadhalika kushuka chini. Akauliza, wastani wa darasa hili tunaupataje? Msichana mmoja wa mstari wa nyuma, asiyenyoosha mkono mara nyingi, siku hiyo akanyoosha.

"Tunajumlisha alama hizo, mwalimu, halafu tunagawa kwa mistari ya jedwali."

Darasa likaguna. Mwalimu akatabasamu, kwa kuwa kosa hili alilisubiri kila mwaka na alikuwa na jibu lake tayari. Akagonga ubao kwa chaki.

"Yaani hawa kumi waliopata tano, unawahesabu kama mtu mmoja? Na hawa wawili waliopata mbili, nao kama mtu mmoja? Hawa kumi ni sawasawa na hawa wawili? Hapana, mama. Tano hii ina uzito wa kumi. Lazima kwanza uizidishe kwa—"

Hakumaliza.

Watoto walimwona amesimama ameelekea ubao, mkono uko juu, chaki imegusa ile kumi. Walidhani anafikiri. Wengine wakaanza kunong'ona. Naye alikuwa hapo ubaoni anaisikia sauti ya binti yake ndani ya simu, wazi kama iko nyuma ya bega: mama, ila mradi una krediti kumi. Yaani uzito wa somo.

Alikuwa amelifundisha jambo hili kabla binti hajazaliwa. Alimfundisha hata huyo binti mwenyewe, katika chumba hikihiki, kwa mzaha huuhuu. Na siku lilipokuja kwa jina jingine, limevaa nguo za chuo, hakulitambua. Mbaya zaidi, halikuwa limejificha. Mtoto alimtajia, kwa ufasaha, naye akamfunga mdomo.

"Mwalimu?" kiranja akaita.

"Fanyeni zoezi," akasema. "Lolote. Fungueni kitabu."

Akatoka, akasimama nyuma ya matangi ya maji. Alijaribu kupiga hesabu upya, akashindwa, kwa kuwa krediti za masomo mengine hakuzijua. Hakuwa amemwacha mtoto azitaje.

Aliomba ruhusa kwa mkuu wa shule akaenda chuoni. Bado alikuwa na tumaini dogo, lile la mtu aliyechelewa anayejua kabisa kwamba amechelewa. Idara ya upimaji ilikuwa mwisho wa ukumbi mrefu, na ndani ya ofisi ya mkuu wa idara miguu mitatu ya darubini ilikuwa imeegemezwa pembeni kama miavuli. Mkuu wa idara alikuwa mtu mzima mwenye viatu vya vumbi. Alipojua ni mama wa nani, alisimama kumpa mkono.

"Karibu sana, mama. Ule mradi wa bondeni naufundishia mpaka leo. Hajambo mwenyewe? Amepata wapi kazi?"

Mwalimu alisema amekuja kuuliza swali la hesabu. "GPA. Mnaipigaje?"

Mkuu wa idara alidhani anatania, halafu akamwona usoni, akavuta karatasi. Akaeleza taratibu, kama anayemweleza mzazi yeyote. Kila somo lina krediti zake, kulingana na saa na kazi inayotakiwa. Gredi unaigeuza kuwa pointi. "Hapo sasa hatujumlishi bado, mama. Kwanza tunazidisha pointi kwa krediti, somo kwa somo. Halafu ndiyo tunajumlisha. Na tunagawa kwa jumla ya krediti zote, si kwa idadi ya masomo. Wazazi wengi hapo ndipo wanapochanganyikiwa."

"Mimi ni mwalimu wa hesabu," akasema.

"Oh." Mkuu wa idara aliona haya kwa niaba yake, akaitazama kalamu. "Basi samahani, haya unayajua."

"Ninayajua."

Kisha akauliza habari za nafasi ile, ingawa jibu alikuwa nalo. Ilishachukuliwa. Aliyeipata ni kijana mzuri, alisema mkuu wa idara, mchapakazi, hana kasoro. "Ila nisikufiche, sisi tulikuwa tunamsubiri binti yako; wastani wake ulivuka nne. Nilipitia majina ya waombaji, nikayapitia tena. Nikajua amepata pazuri zaidi, vijana wa siku hizi hawaagi. Ningempigia simu." Akavuta pumzi. "Sikumpigia. Niliona si vizuri kumshawishi mtu."

"Nafasi nyingine je?"

"Mama, hata hii moja tuliililia miaka."

Alishukuru, akatoka. Kwenye ukumbi alipishana na vijana wamebeba darubini mabegani, wanacheka, viatu vimejaa udongo mwekundu, akajibana ukutani wapite.

Hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja duka la fotokopi. Ilikuwa saa ya kazi, watu wamepanga foleni mpaka nje, kila mmoja na bahasha yake. Mashine ilikuwa ikivuta karatasi na kuzitema za moto. Binti alikuwa nyuma ya kaunta, kalamu sikioni. Alipomwona mama yake, uso ulimbadilika.

"Mama! Shikamoo. Baba mzima?"

"Baba yako mzima. Nimetoka chuoni kwenu."

Binti akaishusha ile kalamu. Mteja wa mbele alikuwa kijana aliyeleta vyeti vya kuombea kazi. Binti aliendelea kuvipanga kwenye kioo huku anasikiliza, kwa kuwa mikono ilikuwa imeshazoea.

"Nilikosea," mwalimu akasema. Hakushusha sauti; hakujua kushusha sauti, maisha yake yote alisema mbele ya watu arobaini. "Wastani wako. Nilijumlisha na kugawa kwa sita. Ilikuwa nizidishe kwanza. Ulikuwa umefika, mwanangu. Nilikuzuia na ulikuwa umefika."

Binti akafunika mashine, akabonyeza, mwanga wa kijani ukapita chini ya mfuniko na kurudi.

"Najua, mama," akasema.

"Unajua tangu lini?"

"Nilipiga mwenyewe kabla sijakupigia simu. Nilipata nne na kidogo."

Mwalimu alishika ukingo wa kaunta. "Sasa uliniuliza ya nini?"

"Nilitaka uipige wewe." Akacheka kidogo, bila furaha. "Nilitaka nikusikie unasema nne. Halafu ukasema tatu na nusu, nikajua basi nimekosea mimi mahali. Nikajaribu kusema krediti, ukakataa. Kila nilipokubishia tangu utoto, mama, nilikaa nikajumlisha nikakuta nimekosea. Nikasema hata safari hii, nikikaa vizuri nitaliona kosa langu. Nilikaa. Nikalitafuta mpaka maombi yakafungwa."

"Na GPA ilipotoka?"

"Ilipotoka nikaona kosa lilikuwa halipo."

"Mbona hukuniambia? Umekaa nyumbani, unakula na sisi, unatuchekesha—"

"Ulikuwa na furaha sana siku ya mahafali," binti akasema. "Nikaona ningekuambia ili iwe nini?"

Mwalimu akalia. Alilia mbele ya foleni nzima, yeye ambaye benchi lile la zamani halikumliza. Mama mmoja aliyekuwa na bahasha alimshika mkono bila kumjua, akamwambia pole, dada, pole. Binti akazunguka kaunta, akamkumbatia, akiviweka mbali vidole vyake vya wino ili visichafue gauni.

"Basi, mama. Basi. Watu wanatutazama."

"Watazame." Akajifuta kwa kiganja. "Nisomee."

"Nikusomee nini?"

"Matokeo yako. Na krediti zake. Nisomee, nipige."

"Mama, sasa hivi? Si unaona watu?"

"Nisomee, mwanangu. Nakuomba."

Alikuwa hajawahi kumwomba. Binti akatazama foleni, akarudi nyuma ya kaunta, akawa anasoma kutoka kichwani huku akiendelea kuvitoa vyeti vya kijana yule kwenye kioo.

"Mradi, A, krediti kumi."

"Hamsini."

"Upimaji wa juu, B plasi, tano."

"Ishirini. Sabini."

"Ramani, B plasi, nne."

"Themanini na sita."

"Sheria, B, tatu. Ujasiriamali, B, mbili."

"Tisini na tano. Mia na moja."

"Mawasiliano, C, mbili."

"Mia na tano." Midomo ilicheza bila sauti, kama ilivyocheza miaka yote. "Krediti ishirini na sita."

Foleni yote ilikuwa inasubiri. Hata yule kijana wa vyeti alikuwa amesogeza kichwa.

"Nne nukta sifuri nne," mwalimu akasema.

Binti alisimama mkono wake uko juu ya mfuniko wa mashine. Alifumba macho kidogo, kama mtu aliyepokea kitu alichokitolea jasho. Kisha akafumbua, akatikisa kichwa kukubali, akamgeukia kijana aliyekuwa na vyeti.

"Samahani kaka. Ulisema nakala ngapi?"